Wanafunzi wa Stoo

Kila Jumatatu, kabla kengele ya kwanza haijalia, mwalimu wa darasa la mwisho alichora kibodi ubaoni. Alianza na mstari wa juu, akashuka mmoja mmoja, wala hakutumia rula, kwa kuwa mkono wake ulinyooshwa tangu utotoni na waalimu wasiopenda mzaha. Kwa sababu hiyo wanafunzi walimwita Mwalimu Mstari. Alilijua jina hilo, na hakulikataza. Kila kitufe alikipa kisanduku chake, na kila kisanduku herufi yake, hata ubao ukajaa. Watoto nao walikuwa wamechora kibodi zao juu ya vipande vya maboksi, wakaviweka mezani mbele yao kama sahani zinazongoja chakula.

"Vidole juu ya vitufe," alisema. "Migongo wima. Andikeni: Shule yetu ni safi."

Vidole vikashuka juu ya maboksi kwa mshindo mdogo, kama kuku wadonoao mtama kwenye ungo.

Kompyuta zenyewe zilikuwa upande wa pili wa ukuta. Ziliwasili kwa lori, idadi yake sawasawa na ya watoto wa darasa hilo, na mahali pa kuziweka palikuwa pamoja tu, yaani stoo, ambayo ilikuwa na mlango wa chuma na nondo madirishani. Kwa kuwa kompyuta zilikuwa stoo, fundi umeme alivuta waya mpaka stoo, akaishia hapo. Mwalimu mkuu ndiye aliyetia sahihi ya kuzipokea, na tangu siku hiyo ufunguo wa stoo haukushuka shingoni mwake. Nailoni zilizofunika vioo na vitufe hazikubanduliwa. Mkewe alifuma vitambaa vyeupe vyenye maua pembeni, kimoja kwa kila kompyuta. Kila Ijumaa mwalimu mkuu alivua viatu mlangoni, akaingia kwa soksi, akazipangusa kwa unyoya wa kuku, akatoka kinyumenyume na kufunga.

Mwalimu Mstari alikuwa amekwenda semina ya kompyuta. Kompyuta ilikuwa moja, waalimu walikuwa wengi, naye alipata kiti cha nyuma. Alichokiona vema ni picha ya kibodi waliyogawiwa. Alichokisikia vema ni neno moja la mkufunzi, kwamba kompyuta ikiwashwa isiguswe mpaka itulie. Akaliandika, akarudi, akalifundisha kama alivyolipokea. "Mpaka itulie," aliwaambia watoto, "kama mtu aliyeamshwa kwa ghafula. Nani kati yenu hupenda kuulizwa maswali akiwa bado na tongo machoni?" Hakuna aliyependa.

Katika darasa hilo alikuwamo mjukuu wake, mtoto wa binti yake mkubwa, ambaye wenzake walimwita Kidole. Jina lilimfaa. Vidole vyake havikujua kupumzika. Alichapa maneno juu ya meza, juu ya mfuniko wa sufuria, juu ya goti la mtu aliyeketi karibu naye. Jioni, alipomkanda bibi yake, yaani Mwalimu Mstari mwenyewe, dawa ya mgongo, alichapa huko pia, na bibi akajizoeza kusoma kwa mgongo. Mama yake Kidole alikuwa mpishi katika kambi ya wajenzi wa barabara, na maneno yalikwisha kukatwa baina yake na Mwalimu Mstari. Mtoto akipata nafasi katika shule ya ufundi, atakwenda shule ya ufundi. Akikosa, atakwenda kambini kuosha masufuria. Mama mtu hakuwa katili. Alikuwa amechoka, na masufuria ya kambini ni makubwa.

Nafasi hiyo ilitegemea mtihani wa mwisho wa mwaka, na mtihani huo, kwa mara ya kwanza, ungefanywa kwa kompyuta.

Siku moja, katika somo la hesabu, Mwalimu Mstari aliuliza tisa mara saba ni ngapi. Kabla watoto hawajafumbua midomo, jibu lilitoka nyuma ya ukuta.

"Sitini na tatu, mwalimu."

Zilikuwa sauti nyingi kwa pamoja, nyembamba, kama za watu wanaosemea ndani ya bakuli la bati. Mwalimu Mstari akaweka chaki. Akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole.

"Anayejibu hunyoosha mkono kwanza," alisema.

Kisha chini ya mlango wa stoo, ambao ulitazamana na varanda, ukatokea mwanga wa kijani, ukakaa pale pale.

"Hawana mikono, Mwalimu," alisema kijana wa dawati la mbele. "Huo ndio mkono wao."

"Basi umeonekana. Haya, wa stoo, nane mara sita?"

"Arobaini na nane, mwalimu."

"Wametuzidi hao," mtu alinong'ona nyuma. "Wamekula nini?"

"Umeme," akajibiwa. "Wewe umekula nini?"

"Mimi? Nimekula kengele."

Darasa likacheka, na Mwalimu Mstari akalinyamazisha kwa macho. Toka siku hiyo stoo ikawa sehemu ya darasa. Alikuwa mtu wa haki. Hakuwahi kumfukuza mwanafunzi aliyetaka kujua, naye hakuona sababu ya kuanza uzeeni. Aliwapa wa stoo swali la tatu, kisha swali la pili, kisha, ilipokuwa lazima mtu fulani ajibu vizuri kwa sababu mkaguzi alikuwa akipita, aliwapa swali la kwanza. Hawakuchelewa asubuhi. Hawakusinzia mchana. Hawakuugua, hawakutumwa maji, hawakufiwa. Alipoeleza jambo mara moja, lilikaa. Mkaguzi alisimama varandani akisikiliza, akamwambia mwalimu mkuu kwamba vifaa vilikuwa katika hali bora na vilishiriki masomo kikamilifu, jambo ambalo hakuliona katika shule nyingine yoyote. Mwalimu mkuu akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, na ufunguo ukaning'inia mbele ya tai yake.

Mwalimu, kama mkulima, hugeukia upande uotao. Alipoanza muhula wa pili Mwalimu Mstari alikuwa akisimama kwa ubavu, bega moja kwa watoto, jingine kwa ukuta. Kufikia katikati ya muhula alikuwa amewapa watoto kisogo kidogo. Hakulitambua jambo hilo mwenyewe.

Jioni moja alikuwa amelala kifudifudi kitandani, na Kidole akimpaka dawa. Vidole vilikanda mabega, vikashuka, vikatua, vikaanza kuchapa. Bibi alisoma herufi moja moja, kama alivyozoea.

Siku hizi unafundisha ukuta.

Jikoni maji yalikuwa yakichemka.

"Paka dawa," alisema hatimaye.

"Napaka, Bibi."

"Na kiuno."

Asubuhi yake alikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alikuwa amepata kuwa mwanafunzi wake, zamani, naye hadi siku hiyo alisimama kila alipomwona akiingia.

"Karibu, Mwalimu wangu. Keti."

"Sikuja kuketi, Mkuu. Nifungulie stoo. Juma moja tu. Mtihani umekaribia, na watoto hawajagusa hata kitufe."

Mwalimu mkuu akashika ufunguo, kama mtu ashikaye kifua kinapombana.

"Unamjua mwenzangu wa ng'ambo ya mto?" aliuliza. "Yeye aliwafungulia watoto. Kitufe kimoja kikang'oka. Kimoja tu! Mpaka leo huitwa makao makuu kueleza kitufe kilikwenda wapi."

"Kilikwenda wapi?"

"Hakuna ajuaye. Ndiyo shida yenyewe."

"Mkuu, kompyuta hizi zililetwa kwa ajili ya watoto."

"Nami nazitunza kwa ajili ya watoto."

"Watoto gani?"

"Wanaokuja."

"Na hawa waliokwisha kuja?"

Mwalimu mkuu alisema akiba haiozi. Mwalimu Mstari akasema haiozi, lakini huliwa na panya. Mwalimu mkuu akasema stoo haina panya, ameziba matundu yote kwa saruji kwa mikono yake mwenyewe. Kisha, kwa kuwa alimheshimu na hakupenda aondoke hivi hivi, alivuta droo ya meza, akatoa penseli ya rangi ya manjano, mpya, ambayo haijapata kuchongwa.

"Waikumbuka?" aliuliza. "Ulinipa nikiwa darasa la pili. Ukaniambia, ukiivunja usirudi. Sikuivunja, Mwalimu. Niliiweka mfukoni mwaka mzima, sikuandika nayo hata neno. Siku ya kufunga shule ulinisimamisha mbele ya wote, ukasema, tazameni mtoto anayejua kutunza."

Mwalimu Mstari aliitazama ile penseli. Alikumbuka kwamba alisema hivyo. Alikumbuka pia kwamba mwaka huo yule mtoto alirudia darasa.

"Ulijifunza vizuri," alisema, akatoka.

Juma hilo aliwageukia watoto. Alisimama kuelekea kwao, miguu imepanuka, kisogo chake ukutani, akafundisha kwa sauti ya chini ili wa stoo wasisikie. Haikufaa kitu. Sauti ya mtu aliyefundisha miaka thelathini haina chini. Taa ya kijani ilikaa pale pale chini ya mlango, na wa stoo waliendelea kuelewa.

Siku ya mtihani stoo ilifunguliwa. Msimamizi alikuwa kijana mwenye shati jeupe na simu mbili. Watoto waliambiwa waache viatu nje, wakaingia wamejipanga, kila mmoja akaketi mbele ya kompyuta iliyofunikwa kitambaa. Mwalimu mkuu alipita akiondoa vitambaa, akivikunja, akivilaza begani. Nailoni aliziacha.

"Sasa sikilizeni," alisema. "Mikono kifuani. Namna hii. Atakayegusa atanijibu mimi."

Watoto wakakunja mikono vifuani. Hilo walilijua vema. Ndilo jambo la kwanza walilofunzwa shuleni.

"Mwalimu Mkuu," alisema Kidole, "tutajibuje?"

"Kwa adabu."

Msimamizi aliulizwa kama kuna tatizo. Akasoma kanuni kwenye simu moja, kisha kwenye nyingine. Kanuni ilisema mtahiniwa aketi mbele ya kompyuta. Watahiniwa walikuwa wameketi. Akasema hakuna tatizo.

Kompyuta ziliwashwa. Zilikaa kitambo pasipo kufanya neno, mpaka zikatulia. Kisha maswali yakatokea, na vitufe vikaanza kushuka vyenyewe chini ya nailoni, kwa mshindo mdogo, safu kwa safu. Watoto walitazama. Walikuwa wakiyajua majibu. Mwalimu Mstari, aliyesimama mlangoni, aliona midomo yao ikitaja jibu, na kioo kikiwa kimekwisha kuliandika. Katika insha wa stoo waliandika juu ya faida za usafi, kwa maneno yake yeye, hata ule mfano wake wa ufagio. Penye swali la hatua za kuwasha kompyuta, wote waliandika kwamba isiguswe mpaka itulie, kama mtu aliyeamshwa kwa ghafula.

Kidole alikuwa safu ya pili. Lilipofika swali la hesabu za sehemu, ambalo alilipenda, mkono wake wa kuume ulichomoka kifuani, ukanyooka, kidole kikasimama juu ya kitufe, pasibaki kati yao ila nailoni na upana wa punje ya mchele. Akageuza uso mlangoni, akamtazama bibi yake.

Palikuwa na kanuni kwamba mwalimu wa somo asiseme neno wala kutoa ishara katika chumba cha mtihani. Mwalimu Mstari alikuwa ameishika kanuni hiyo maisha yake yote. Aliwahi kumshtaki mwalimu mwenziwe aliyemkonyezea mtoto. Akasimama, uso umenyooka, mikono imeshuka. Mwalimu mkuu akakohoa. Kidole akaurudisha mkono kifuani.

Matokeo yalipotoka, shule haikuwahi kuona mfano wake. Wa stoo wote walifaulu, hakuna aliyeachwa. Kompyuta iliyokaa karibu kabisa na ukuta wa darasa ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza. Watoto waliandikwa kwamba walihudhuria.

Mwalimu Mstari alivaa gauni lake la kanisani, akapanda gari, akaenda ofisi ya mitihani. Afisa alimpokea vizuri, akampa kiti, akamwagizia maji.

"Mama, kanuni iko wazi," alisema. "Aliyejibu ndiye mtahiniwa."

"Watoto walikatazwa kugusa."

"Nani aliwakataza?"

"Mwalimu mkuu."

"Ana sahihi ya vifaa?"

"Anayo."

"Basi alitenda sawa." Afisa akafungua kompyuta yake, akasoma, akamtazama kwa macho mapya. "Na hao waliofaulu, nani aliwafundisha?"

"Mimi."

"Wote?"

"Wote."

Afisa akainuka, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema hajapata kukutana na mwalimu wa namna hiyo. Alisema watoto wanaweza kurudia mwaka, hakuna aliyewazuia, na kwamba kompyuta mpya zitaletwa shuleni hapo kabla mwaka haujaanza, kwa kuwa shule imeonyesha inajua kuzitumia.

"Mjukuu wangu hana mwaka wa kurudia," alisema Mwalimu Mstari. "Mama yake anamngoja kambini mwisho wa mwezi."

"Pole, Mama," alisema afisa, na alikuwa akisema kweli. Akamsindikiza mpaka ngazini.

Shule ya ufundi ilituma lori siku ya Alhamisi kuwachukua waliofaulu. Barua ya kujiunga ilitaka kila mwanafunzi mpya aje na shuka mbili na ndoo. Mwalimu mkuu alihesabu vitambaa vya mkewe kuwa shuka, na ndoo akaziombea msamaha. Kisha akalitazama lori, akatazama kompyuta, akaona haiwezekani abebe peke yake. Akaita darasa la mwisho. Walikuja, wakajipanga varandani.

"Mikono miwili," alisema mwalimu mkuu. "Mmoja chini, mmoja ubavuni. Hatua fupi. Msisemezane."

Watoto wakabeba. Walipita mbele ya darasa lao, wakashuka ngazi mbili, wakavuka uwanja, kila mmoja na kompyuta yake kifuani. Wa stoo waliaga walipopita mbele ya Mwalimu Mstari. "Kwaheri, mwalimu," walisema, mmoja baada ya mwingine, kwa ile adabu aliyowafunza. Naye aliwajibu wote, kwa kuwa hajapata kuacha salamu ya mwanafunzi bila jibu. Aliwaambia wakasome kwa bidii.

Utingo alizipokea, akazipanga, akazifunga kamba. Dereva akatoa kichwa dirishani, akauliza kama kuna abiria wengine. Mwalimu mkuu akatazama uwanjani, watoto wamesimama mikono mitupu, wakihema. Akasema hapana, wamekwisha. Lori likageuka, likatoka getini, na mwalimu mkuu akaenda kuita fundi aje aongeze kufuli ya pili, kwa ajili ya zile zitakazokuja.

Kidole alikuwa wa mwisho kurudi. Alijipangusa viganja kwenye sketi. Alisimama karibu na bibi yake, wakitazama vumbi likishuka barabarani.

"Bibi," alisema.

"Nini?"

"Kumbe ni nyepesi."

Kengele ikalia. Mwalimu Mstari alimwambia aingie darasani, naye akaingia.